Maji ya Kwenye Rejesta

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Maji yaliyoingia kwenye tangi leo yana rangi ya chai ya maziwa. Na pipa la klorini limekwisha – si karibu kwisha, limekwisha, nimelipindua na kulikung'uta.

Nimepima mabomba manne kama kawaida: la sokoni, la shule, la zahanati, na la uani kwetu. Natia kidonge, natikisa, nangoja. Maji yenye dawa hugeuka waridi. Haya yalibaki kama yalivyo. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Nikampelekea matokeo Meneja wetu wa maji. Alikuwa anakata kucha. Akauliza jana niliandika ngapi. Nusu miligramu kwa lita, kiwango cha maji salama, nikamwambia. Basi andika nusu, akasema. Wakaguzi wa makao makuu wanakuja wiki ijayo, wakiona sifuri watamuuliza kwa nini hakuagiza dawa mapema. Nikasema watu watakunywa. Akasema watu wa mji huu wamekunywa mto tangu enzi za babu zao na bado wanazaana kama panya. Kisha akanitazama tumbo. "Wengi wao."

Nimeandika nusu mara nne. Nina mwandiko mzuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Sifuri kote. Nusu rejestani.

Nimeanza kuchemsha. Sufuria kubwa, hadi itokote vizuri, kisha kwenye ndoo yenye kifuniko. Mume wangu akauliza kulikoni. Tumbo langu, nikasema. Huyu ni mwalimu wa darasa la kwanza na mdomo wake hauna breki – akijua, asubuhi atasimama mbele ya shule nzima atangaze, na mchana mimi sina kazi. Nimefagia ofisi ile miaka saba kabla hawajaniamini na chupa za kupimia. Sirudi kwenye ufagio. Nimemjazia chupa yake, nikamwambia shuleni asinywe kitu kingine. Akadhani ni mapenzi.

Wifi yangu, dada yake, anakaa ng'ambo ya ua na bintiye tangu mumewe alipomwacha. Ameona moshi. "Bibi Chupa siku hizi anapika maji," akawaambia wapangaji. "Nadhani kasikia mtoto anapatikana kwa mvuke." Walicheka hadi mmoja akaangusha beseni.

Bibi Chupa ni mimi. Kwa sababu ya chupa za kazi. Na kwa sababu ya ile nyingine, iliyo tupu.

Jumatano, 5 Machi

Sifuri.

Jumatatu niliweka pia sampuli nne kwenye chupa za kupimia uchafu. Unaziacha kwenye joto siku mbili. Zikigeuka nyeusi, maji yamekutana na choo. Leo zote nne nyeusi tii. Ya uani kwetu ndiyo iliyotangulia. Meneja akasema nizioshe. Nimeziosha.

Jioni nikavuka ua. Nilikwenda na nia njema, Mungu shahidi yangu. Wifi alikuwa anamsuka Kibogoyo – binti yake, miaka sita, meno ya mbele hana hata moja, ndiyo maana tunamwita hivyo. Yuko darasa la mjomba wake. Mimi ananiita Anti na hunisaidia kulamba lebo za kubandika kwenye chupa. Nilikuwa na kikombe cha maji yangu mkononi, nikampa. Nikamwambia wifi, kwa siku hizi mtoto awe anakunywa kwangu.

Sababu sikusema. Nilikuwa naitafutia njia.

Wifi hakuacha kusuka. Akamwambia mwanawe, rudisha kikombe cha watu. "Usinywe kwa mgumba, ukavu unaambukiza. Unataka uwe kama yeye?"

Mtoto akanitazama. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Akakishusha polepole, kwa mikono miwili, akakiweka chini karibu na mguu wangu.

Nilikuwa na maneno matano tu ya kusema: maji ya bomba yana kinyesi. Yalikuwa kwenye ulimi. Nikayameza. Nikaokota kikombe, nikasema haya wifi, usiku mwema.

Nikivuka ua kurudi nilisikia raha. Ndogo, lakini raha. Ngoja aone, nilisema moyoni. Naandika kwa sababu hapa hasomi mtu: nilisikia raha.

Ijumaa, 7 Machi

Sifuri. Nusu. Mwalimu anasema watoto watatu wamerudishwa nyumbani kwa tumbo. Maembe mabichi, anasema.

Jumatatu, 10 Machi

Sifuri. Nusu.

Watoto kumi na wanne hawakuja shule. Walimu wote wagonjwa isipokuwa mmoja. Wenzake wanamtania Mwalimu kuwa ana tumbo la bati. Alinisimulia huku anacheka, akainua chupa yake, akanywa.

Alasiri nilikuwa uani. Kibogoyo alikuwa anarukaruka kamba, akachoka, akaenda bombani, akaweka mdomo pale pale kwenye koki. Alikunywa muda mrefu. Hatua tano kutoka nilipokuwa – nimezihesabu baadaye.

Nikasema, "Wifi, chemsheni maji."

Wifi akasimama na mikono kiunoni. Akauliza kwani nimepima nini huko. Wapangaji wote wakageuka. Mmoja wao ni shemeji wa Meneja.

Nikasema hakuna. Ni mvua tu.

"Basi kama hakuna," akasema, "tuachie maji yetu."

Jumatano, 12 Machi

Wakaguzi wamekuja. Wawili, viatu safi. Walikagua rejesta. Maji hawakuyagusa, waliletewa soda. Mmoja akausifu mwandiko wangu, akasema angetamani ofisi zote zingekuwa na mtu kama mimi. Meneja akaniwekea mkono begani. Wakaandika: maji ni salama.

Kisha nikaenda kupima bomba la zahanati. Watoto wawili wawili kitanda kimoja. Wengine sakafuni juu ya kanga za mama zao. Kuhara damu. Muuguzi hajalala siku mbili, macho kama ya samaki. Akaniuliza, dada, maji yakoje?

Nusu, nikasema.

Alhamdulillahi, akasema. Akachota jagi moja kutoka bombani, akakoroga ndani yake ile dawa ya chumvi na sukari, akamwinua mtoto mmoja kichwa na kumnywesha kwa kijiko. Nilikuwa nimeshika chupa yangu. Maji ya jagi lile na ya chupa yangu ni ya koki moja. Nikatia kidonge. Sifuri.

Ijumaa, 14 Machi

Kibogoyo.

Imeanza alfajiri. Kufikia saa nne ilikuwa damu tupu. Wifi alipiga mlango wetu kwa kiganja, si ngumi, akawa anasema wifi, wifi yangu, nipe maji yako, nipe yale ya kwako. Nimempa ndoo nzima. Aliipokea bila kunitazama. Mwalimu akambeba mtoto mgongoni mbio hadi zahanati. Miguu yake ilikuwa inaning'inia.

Leo sikupima. Niliandika nusu nikiwa nimekaa.

Jumatatu, 17 Machi

Watoto wawili wa darasa la Mwalimu wamezikwa jana. Leo akaita majina asubuhi, akayaruka yale mawili. Darasa zima likamkumbusha kwa sauti moja: Mwalimu, umewasahau. Aliniambia haya akiwa amesimama mlangoni na chaki bado mkononi.

Kibogoyo amehamishiwa hospitali ya wilaya. Figo, wanasema. Wifi yuko naye, na Mwalimu anawafuata jioni hii.

Mjini wameshapata mkosaji: mpishi wa shule. Mama mtu mzima, mjane, kazi yake uji wa saa nne. Meneja ndiye aliyeanza, pale sokoni – maji yetu yamekaguliwa, karatasi hii hapa, waulizeni wanaopikia watoto kwa mikono michafu. Wazazi walimfuata hadi kwake. Wamemvunja mkono. Sasa yuko mahabusu, eti kwa usalama wake.

Na pipa jipya la klorini limefika leo hii. Meneja amelimimina karibu lote.

Jumanne, 18 Machi

Vidonge vimegeuka waridi kama maua. Mji mzima unanuka klorini. Meneja kanipita kwenye ngazi, akasema kwa upole kabisa, nisije nikasahau kwamba saini ni yangu.

Jumatano, 19 Machi

Daktari wa wilaya amekuja. Mwanamke, hana maneno mengi. Alipima mwenyewe: maji safi. Akafungua rejesta, akapitisha kidole. Nusu, nusu, nusu. Akasema hata siku ya mvua kubwa, nusu? Mto wenu una nidhamu.

Meneja akasema, mpimaji ni huyu. Muulize.

Nikasema. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema ni sifuri tangu tarehe tatu, na chupa zote nne zilikuwa nyeusi. Meneja alicheka, akauliza karatasi iko wapi, chupa ziko wapi. Akamweleza daktari kwamba mimi nina matatizo ya nyumbani, sina mtoto, na mpishi yule ni mwenzangu wa chama cha akina mama. Mawili ya mwisho ni kweli.

Daktari alinitoa nje. Akasema anaelekea kuniamini, lakini kuamini kwake hakumtoi mpishi mahabusu. Nambari za kukumbuka leo hazina kazi. Kama niliziandika popote siku ile ile, nimletee. Gari lake litakuwa shuleni hadi kesho saa kumi.

Nikasema nitaangalia.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu karudi kutoka hospitali mchana. Kibogoyo yu hai. Amevimba uso, haongei. Wifi amemtuma na salamu kwangu: maji yale ya ndoo ndiyo pekee yaliyokaa tumboni. Mungu anilipe. Amesema akirudi atanipigia magoti, kwa maneno yote aliyowahi kunitamkia.

Mwalimu alinipa salamu hizo akiwa hajakaa. Kisha akaiweka chupa yake mezani. Akasema amekaa siku tatu kwenye benchi la hospitali bila la kufanya ila kufikiri. Walimu wote wameugua. Yeye hajaugua. "Tulianza kuchemsha lini?"

Jumanne, nikasema.

"Jumanne ipi?"

Nikamtajia. Alihesabu kwa vidole, kama anavyowafundisha watoto, akafika tarehe kumi na nne na kusimama. Hakupaza sauti. Akasema amepitia shuleni, daktari amemweleza juu ya mpishi. Akasema anajua naandika; miaka yote ananiona naandika na hajawahi kugusa.

"Yamo humo?"

Nikasema yamo.

Akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Ananingoja. Sasa ni saa tisa na robo.

Tarehe zote zimo. Sifuri zote, chupa nne nyeusi, jagi la muuguzi. Mpishi angetoka leo leo. Nimefikiri kuchana kurasa za nambari tu nimpe hizo, nyingine nibaki nazo. Nimefungua Jumatano ya tarehe tano. Upande huu, chupa nyeusi. Nikageuza karatasi. Upande wa pili, kikombe, na yale niliyoyasikia moyoni nikivuka ua.

Ni karatasi ile ile.

Nimechukua wembe. Nimejaribu kuukata mstari mmoja tu, ule mmoja. Ukiukata, upande wa kwanza unatoboka pale pale penye nambari.

Mwalimu ameinuka. Anasema pale shuleni, ng'ambo ya barabara, daktari ameanza kupakia vitu vyake garini. Ananyoosha mkono. Namwambia bado kidogo, namalizia kuandi–