Kwaya Ikiketi

Kayole, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Andati,

Jina langu lilipotea Jumanne iliyopita, tarehe 25, mlipoiweka rasimu ya makala yenu mtandaoni. Hujambo huko Ujerumani? Sisi tuko salama, ila mama anakohoa na friji ya samaki imekufa tena.

Nimeisoma yote. Mwaka jana ulinililia kwamba kipimajoto chenu cha maabara kimeharibika, kwa kuwa elektroni zilizokuwa zikitiririka kwenye baridi kali, mkizipasha kidogo, zinaganda. Profesa wako akataka mvitupe vipimo. Nani alikwambia usitupe? Nilikuandikia: kumbuka kwaya yetu ya Mowlem. Ikiingia kanisani inatembea kwa mpangilio, macho mbele. Ikiketi, kila mtu amekwama kitini pake, lakini shingo anaigeuza atakako. Elektroni zinazosukumana sana ni hivyo hivyo. Kila moja ina mshale wake mdogo wa sumaku. Zikikwama, mishale inaelekea popote. Vurugu ni nyingi kwenye kukwama kuliko kwenye kutiririka, na joto hupenda vurugu; ndiyo maana mkizipasha zinaganda. Nikakupigia hesabu, kurasa kumi na moja.

Zote zimo. Hata kwaya umeiweka! Mimi simo. Kwa nini?

Dada yako,
Triza

Munich, 21 Machi

Sasa dada Triza,

Natumaini mama amepata nafuu. Pole kwa friji, na pole kwa kuchelewa.

Usikasirike. Profesa anasema mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu hawezi kuwa mwandishi, watu watashangaa. Lakini nimekuweka kwenye shukrani: "Kwa dada yangu, aliyenitia moyo." Si vizuri?

Halafu, mkaguzi wa jarida tulikoipeleka makala ameuliza: tukileta sumaku kali, kuganda huko kutabadilikaje? Kila mtu ananingoja mimi. Nisaidie haraka, wewe ni mwepesi.

Ndugu yako,
Andati

Kayole, 22 Machi

Andati,

Mama hajambo, hakohoi tena.

Moyo nilikutia ulipoanguka hesabu kidato cha pili. Safari hii nilikutia akili. Na chuo nilikiacha mama alipougua; kichwa niliondoka nacho.

Tangu jana sijaketi. Nafunga samaki wa wateja, mkono unachora mishale kwenye gazeti la kufungia. Hesabu ya sumaku ninayo, mistari sita. Ungeielewa ile kwaya usingeniuliza: mwalimu wa kwaya akisimama mbele, shingo hufanya nini?

Lakini mistari haitoki hapa kabla hujanijibu. Triza Nabiswa ni mwandishi wa makala hiyo, au siye? Usinipe maneno ya profesa. Ndiyo au la, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, saa za huku.

Dada yako,
Triza