Laston Amemkana Ulemu

Kijiji cha Mpulula,
S.L.P. 41,
Balaka, Malawi.
9 Juni 2019

Mpendwa kaka Wyson,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Vipi afya yako huko migodini Rustenburg, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetushika kweli. Mama anashinda jikoni kwenye moto, miguu inamuuma. Mahindi tumevuna, si haba.

Kaka, nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Ndoa ya mdogo wetu Falesi, ambayo wewe ndiye nkhoswe, mshenga uliyeisimamia, imeharibika. Mumewe Laston alihama mwezi wa pili akaenda kupanga chumba mjini. Anasema Ulemu si mtoto wake.

Unakumbuka Laston alipoanguka kutoka kwenye paa akavunjika mguu. Falesi ndiye aliyekwenda kupika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na mume akala nsima, ugali wa kambi ile, hadi akasimama tena. Mimba iliingia wakati ule. Sasa mtoto ametoka mweupe, kama alivyokuwa bibi yetu mzaa mama, na wenzake kwenye karakana ya useremala wakaanza kumtania: "Laston, barabara imepita ndani ya nyumba yako!" Utani ukamwingia moyoni.

Tulivumilia. Falesi alipokosa hata sabuni ya kumwogeshea mtoto, nilimshika mkono tukaenda mahakamani.

Laston alisimama mbele ya hakimu, mama mmoja mfupi wa miwani, akasema bila haya, "Mheshimiwa, kwa mila ya hawa watu mtoto ni wa mjomba, kaka wa mama yake. Mjomba mwenyewe, Wyson, yuko Joni huko Afrika Kusini anakula nyama. Si amlishe yeye!" Watu wakacheka.

Hakimu hakucheka. "Mjomba ndiye aliyemwoa Falesi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Mtoto alizaliwa mkiwa mke na mume?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi sheria inakuhesabu wewe kuwa baba. Ukikataa, leta ushahidi. Kipimo cha damu kipo, nenda kapime. Mpaka hapo utamlisha."

Falesi akasema yuko tayari hata kesho. Laston hajaenda kupima mpaka leo. Nadhani anaogopa majibu yote mawili: akiambiwa si wake ataaibika, akiambiwa ni wake ataaibika zaidi.

Kutunza anatunza, kwa hilo sitamsingizia. Kila mwisho wa mwezi analeta unga, dagaa wa usipa na sabuni, anavitua barazani, anageuza baiskeli. Mtoto anamkimbilia akiita "Ababa!" naye anatazama pembeni kama anaitwa mtu mwingine. Falesi amekonda. Aliniambia, "Dada, bora tulale njaa kuliko mwanangu kudharauliwa mlangoni kwake." Nilimkatalia. Unga ule ni haki ya mtoto, si fadhila. Tuligombana mpaka tukanuniana.

Jumamosi iliyopita alikuja, akatua mzigo, akaondoka. Hatukuona Ulemu akimfuata. Tulisikia tu breki za lori, kisha mayowe. Falesi alitupa mwiko akakimbia, nami nyuma yake. Tukamkuta Laston katikati ya vumbi, baiskeli imelala mtaroni, amemkumbatia mtoto kifuani. Dereva alikuwa akimfokea, "Wewe bwana, huna macho? Mtoto anatembea peke yake!"

Laston akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Mwanangu amenifuata."

Kisha akamkabidhi Falesi mtoto, akaiokota baiskeli, akaenda akiikokota kwa miguu.

Nilifurahi, nikadhani na Falesi amefurahi. Alimpangusa mtoto vumbi, akaniambia, "Mbele ya lori ni mwanawe. Mbele ya wenzake je?"

Kaka, omba ruhusa kazini uje. Mimi ni mwanamke, wajomba zake Laston hawatanisikiliza. Wewe watakaa nawe. Njoo kabla watu wa karakana hawajamrudisha kwenye kumkana mtoto.

Mama anakusalimu, Falesi pia, na mjomba Biziwiki anauliza habari zako kila anapopita. Nisalimie wifi Zione na watoto. Mungu akulinde huko chini ya ardhi unakofanyia kazi, akulete salama.

Ni mimi dada yako akuwazaye,

Eneless