Mama, Nimeona Msuli Ukisahau

Kwako Mama, huko uliko,

Mchana wa leo umetulia kama zile alasiri zetu za Makongeni, kando ya reli, wakati mabehewa yalisimama na nguo hazitikisiki kwenye kamba. Saa kama hizo ndipo ulipokuwa ukifumua. Ulichukua sweta iliyokwisha kutubana, ukatafuta mwisho wa kazi pale shingoni, kwa sababu ukianzia chini uzi hukataa na kujifunga mafundo. Kisha ukaniita: "Baba, inua mikono." Uliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la babako. Nilisimama mbele yako, uzi ukizunguka viganja vyangu, na sweta ikapungua mapajani pako, kwanza mabega, halafu kifua, halafu hakuna kitu.

Nafula, mdogo wangu, alilia alipoona hivyo mara ya kwanza. Alidhani umeiua. Ulicheka, ukamwambia angoje. Uzi ulikuwa umejikunjakunja, bado una umbo la sweta, nawe ukauning'iniza juu ya mvuke wa sufuria mpaka ukalegea. "Uzi usiposahau, utakusumbua," ulisema. Ukishasahau, uliweza kuwa soksi, kofia, hata blanketi la mtoto wa jirani.

Kazi ndiyo iliyonirudisha huko. Bado ni mwandishi wa habari, na mhariri alinituma kwenye maabara moja hapa mjini. Mtafiti, dada mpole wa Machakos, aliniketisha mbele ya hadubini. Niliona seli changa za misuli ya panya, ndefu, zimelala zote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Sahani ya pili ilikuwa na seli za aina ileile, ila hizo zilikuwa zimetiwa dawa ya molekuli ndogo, inayopenya ndani ya seli bila kuipandikizia jeni yoyote. Zilikuwa zimeacha urefu wao. Zilitawanyika, za mviringo, kama watu walioamka na hawajakumbuka wako wapi. Mtafiti alisema zikiwa katika hali hiyo zinaweza kulishwa virutubisho vingine, zikawa seli za mafuta au za mfupa. Niliinama pale muda mrefu. Nilisikia harufu ya sufu iliyolowa, Mama, mahali ambapo hapakuwa na sufu.

Niliuliza hatari. Alisema seli ikisahau kupita kiasi huenda isijue pa kukomea, ikawa uvimbe. Nikauliza kuhusu watu. Akasema kwa sasa ni sahani na panya tu. Niliandika yote hayo.

Nafula alisoma makala hiyo gazetini. Hukuwapo mguu wake ulipovunjika. Alikuwa amepanda bodaboda kule Kayole, gari likawagonga. Mfupa wa muundi ulikataa kuunga, halafu ukaoza ndani kwa ndani. Wamejaribu vyuma, wamejaribu sindano, na sasa daktari anasema ukatwe chini ya goti kabla sumu haijaenea mwilini. Siku aliyotakiwa kliniki hakwenda. Nilimkuta kitandani, mguu juu ya mto, homa machoni, gazeti langu pembeni.

"Si umeandika misuli inageuka mfupa?" alisema. "Mimi niko na misuli kibao, brathe. Paja lote hili. Wachukue."

Tulicheka wote wawili. Kisha akasema atangoja hiyo dawa. Nilimuuliza kama katika kusoma alifika pale penye panya.

"Nimefika. Lakini panya wataisha, watakuja kwa watu."

Nilimwambia pengine watakuja, ila sijui lini, na mtafiti mwenyewe hajui. Nikamwambia homa yake iko leo. Nje jirani alikuwa akigombana na muuza maji, Nafula akawasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akanitazama usoni.

"Angekuwa Mama, ungemwambia angoje?"

"Hapana."

"Hata ukijua itakuja?"

"Hata nikijua."

Aligeukia ukuta, akalia. Alipomaliza aliomba nimletee beseni la vyombo, akaosha akiwa palepale kitandani, nami nikasuuza. Kikombe cha mwisho kiliposuuzwa akasema, "Haya. Kesho twende."

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Jua limelala sakafuni na mimi nasinzia. Katika usingizi huo mwepesi naona mfupa ukikua ndani ya mguu wa mtu, polepole, mweupe, katika mwaka nisioujua. Siuoni uso wake. Si Nafula. Naamini mtu huyo yupo huko mbele, na nimemzuia mdogo wangu asimngoje. Sijui kama wewe ungesema vingine. Ningependa kukusikia ukisema.

Kabla hajaingizwa ndani, Nafula alinishika shati, akaniambia nisije nikamwandika gazetini kama shujaa. Niseme tu kwamba alikataa mpaka akachoka kukataa. Ndivyo ilivyokuwa, na nakuandikia wewe kama ilivyokuwa.

Pumzika, Mama. Muuguzi ameniahidi nitaruhusiwa kuingia kabla Nafula hajazinduka. Nataka niwe pale atakapopeleka mkono chini ya shuka kuutafuta mguu.

Mwanao, uliyemwita Baba