Chuo cha Mbale na Tarumbeta ya Jioni

Jumatano, 1 Machi 1995

Vyuo vyote viwili vimenikubali! Uuguzi hapa Jinja, ualimu kule Mbale. Nilidhani siku hii nitarukaruka kwa furaha. Nimekaa tu kitandani. Afadhali kimoja kingenikataa, ningeenda ninakotakiwa, basi. Sasa lazima nichague mwenyewe, na mwisho wa kujibu ni Jumatatu tarehe ishirini na saba.

Baba amerudi kutoka zamu, hata kofia hajavua, nikamwambia. Mbale, amesema palepale. Mtu kwao. Yeye anastaafu mwezi huu, nyumba hii ya kota ya magereza tunairudisha, na ndugu zake wote wako kule.

Kwao! Mimi nimezaliwa kota. Mama amefia kota. Kota tunaongea Kiswahili; Kimasaba, lugha ya kwao Baba, changu kinaishia kwenye salamu.

Jumamosi, 4 Machi

Shallon wa nyumba ya nyuma amekuja kusuka nywele. Tulishakubaliana zamani: uuguzi, Jinja, chumba kimoja. Nikamuuliza, kwa nini hasa uuguzi? Ati sare yao itampendeza! Halafu Gaster wake anafanya kazi kiwandani hapa, hatoki Jinja. Nimecheka mpaka machozi.

Alipoondoka nikajiuliza sababu yangu mimi ni ipi. Sababu yangu ni Shallon. Damu yenyewe naiogopa.

Alhamisi, 9 Machi

Shallon ameenda Kampala. Shangazi yake amempatia chuo cha uhazili. Nimeambiwa na mama yake pale bombani, mbele ya watu wote! Nikajifanya najua. Nikajaza ndoo, nikajitwisha, nikafika ndani ndipo nikalia. Hata kuniaga!

Gaster nimemwona kantini, amejikunyata kwenye benchi. Sikumsalimia. Kila mtu abebe mzigo wake.

Jumanne, 14 Machi. Mbale

Baba amenituma nikaone chuo kwa macho. Niko Malukhu kwa dada yake, Shangazi Nandudu. Mkarimu mpaka naona aibu — kuku kachinjwa, malewa, yale machipukizi ya mianzi, yamepikwa kwa karanga, na kitanda kizuri nimepewa mimi. Lakini nikifungua mdomo watoto wake wanatazamana. Mmoja kasema mgeni anaongea kama askari wa kizuizi cha barabarani. Wote wakacheka. Nikacheka na mimi, ningefanyaje?

Jumatano, 15 Machi

Siku mbaya.

Sokoni nilimkuta bibi anauza ndizi mbivu. Nikapiga magoti kama msichana mwenye adabu, nikamuuliza bei kwa Kiswahili. Hakunitazama usoni. Akanisukumia kichane kizima: chukua, chukua tu, afande. Pesa hakutaka hata kuiona. Mimi, afande! Nimevaa gauni la maua! Nikaweka hela juu ya gunia lake nikaondoka mbio, ndizi nikaziacha.

Shangazi akaniambia nisimlaumu. Miaka ile askari walipotawala, aliyegonga mlango usiku aligonga kwa Kiswahili. Nimeelewa. Lakini mimi lugha nyingine ya kulilia sina.

Nimeamua. Huku siji. Mwalimu gani huyo, akisema tu habari za asubuhi watoto wanajificha chini ya madawati?

Alhamisi, 16 Machi

Chuo chenyewe kizuri, sikatai. Mlima uko palepale nyuma, na maktaba ina madirisha makubwa. Nimekizunguka haraka haraka, kama mtu anayeshika kitambaa dukani na anajua hatanunua.

Jioni narudi Malukhu kwa miguu — tarumbeta! Kumbe na magereza ya huku wanashusha bendera. Miguu ikasimama yenyewe. Kota tunafundishwa hivyo tangu tunajua kutembea: bendera ikishuka unasimama palepale, hata kama umebeba sufuria ya moto, mpaka tarumbeta inyamaze. Sasa hapa barabarani watu wanapita tu! Mwenye baiskeli amenikwepa huku ananitukana. Watoto wakaja kunizunguka, wakacheka. Nikajua kabisa naonekana mwendawazimu. Kusogea sikuweza.

Halafu nikaona, ng'ambo ya barabara — mwingine! Msichana mwenye sweta ya chuo, beseni la nguo mbichi kichwani, amesimama wima, anatazama mbele. Maji yanamchuruzika shingoni na hafuti. Watu wote wanatembea, tumesimama sisi wawili tu.

Ilipokwisha akapaza sauti: kota gani? Jinja, magereza! Yeye: Tororo, polisi! Akacheka, beseni likamtikisika. Akasema nikija nitafute bweni la chini, wako watatu, wote watoto wa kota. Amesema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, katikati ya barabara, wala hakuna aliyekufa! Akaenda zake.

Jina sikumuuliza. Mjinga mimi!

Jumapili, 19 Machi. Jinja

Nimerudi na jibu mdomoni, Mbale naenda. Baba akanitangulia: yeye Mbale harudi. Amepata vyumba viwili Budondo, nje kidogo ya mji hapa, tutahamia huko.

Nikamuuliza, Baba, na ile mtu kwao? Alikuwa anapiga viatu rangi, viatu vya kazi ambavyo hatavaa tena. Akaendelea kupiga. Baadaye akasema aliondoka kule kijana, sasa ni mzee, wengi aliowajua wamekufa, na waliobaki watamwita afande. Kumbe na yeye! Miaka yote hii!

Mimi ndiyo niende, lakini yeye hapana. Nikienda namwacha peke yake. Nikibaki, ni uuguzi bila Shallon, na damu. Yule msichana na beseni lake sijamwambia.

Jumamosi, 25 Machi. Budondo

Tumehama. Nyumba ya kota imebaki na alama ya picha ya Mama ukutani. Baba alifunga mlango, akarudi kuhakikisha, akarudi tena.

Jumapili, 26 Machi

Kesho ndiyo mwisho. Mchana kutwa Baba hakuniuliza kitu. Nimemwogopa kwa huko kutouliza.

Jioni tumekaa nje tunakula ugali wa posho na maharage. Jua likaanza kuzama. Baba akaweka sahani chini, akasimama wima, mikono ubavuni. Tarumbeta hapa hakuna! Bendera hakuna! Kuna migomba na mbuzi wa jirani. Nikasimama na mimi. Jirani akatuchungulia juu ya ua, akamwita mke wake.

Tatizo, hakuna tarumbeta ya kunyamaza ili tukae. Nikamngoja Baba akae. Nadhani na yeye alikuwa ananingoja mimi.

Nikamwambia nikiwa vilevile, macho mbele: Baba, kule Mbale tarumbeta inasikika mpaka barabarani. Akauliza, nani anasimama? Nikasema yuko msichana mmoja, wa Tororo. Bwenini wako watatu, mimi nitakuwa wa nne.

Giza limeingia, maharage yake yamepoa, nimekuja ndani kuwasha taa na kuandika haya. Namwona dirishani. Bado amesimama.