Udongo wa Chini ya Kitanda

Jumanne usiku, Discovery Gardens, Dubai

Mchana nilimkasirikia Chef Luca, Mwitaliano anayetuongoza jikoni pale hotelini Garhoud. Alilitazama tumbo langu akauliza, "Huyu mtoto atakuwa wa wapi?" Swali ambalo mimi mwenyewe nalikimbia.

"Wa Tanga," nikamjibu kwa mkato. "Atazaliwa Dubai, lakini ni wa Tanga." Nikageukia vitunguu vyangu kwa hasira. Sijui kwa nini. Au najua.

Hakukasirika. Akanisimulia kwao Siena, mji wa zamani uliogawanyika mitaa, kila mtaa na bendera yake na mnyama wake. Mama yake alijifungulia Roma, basi babu yake akaenda na mfuko wa udongo wa mtaani kwao, akauweka chini ya kitanda cha uzazi.

"Ndiyo maana mimi ni wa mtaa wa Konokono mpaka nife," akasema.

Sijui kama manesi wa hapa watakubali. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nikampigia mama, nikamwomba ampe dada udongo kidogo, maana anakuja huku mwezi ujao.

"Kumbe na wewe umeanza kula udongo! Usile mwingi, mwanangu, utaishiwa damu."

Nilicheka mpaka mume wangu akatoka bafuni na sabuni kichwani. Nikamweleza mama kisa chote.

"Basi sinunui wa sokoni," akasema. "Nitachota pale nyuma ya nyumba, nilipokizika kitovu chako."