Manyoya ya Mnandi Wako

Papa wangu,

Tangu tukuzike sijakuletea habari za mtoni. Leo nakuletea, kwa sababu walio hai hawataki kunisikia.

Unamkumbuka mnandi, yule ndege mweusi mwenye shingo ndefu aliyekuwa akikaa juu ya nguzo zako za kutegea samaki pale kwenye maporomoko ya Wagenia akikausha mabawa? Ulimwita bokilo, kwa kuwa shemeji hula kwako bila kungoja kukaribishwa. Siku moja nilimrushia jiwe, ukanishika mkono. "Acha yeye, mama. Fasi bokilo anakula, na sisi tunakula." Kweli, pale alipozama ndipo ulipofunga kikapu cha mtego, na jioni tulishiba. Nilikuwa nacheka sana ukimwamkia asubuhi.

Sasa yeye ndiye kazi yangu, Papa. Kwenye maabara ya chuo napima manyoya anayoyaangusha juu ya mawe. Watu wa baharini hupima ndege wao vivyo hivyo wakitaka kujua hali ya bahari. Sisi tuna mnandi. Na manyoya yake yana zebaki, ile ambayo wachimba dhahabu wa mito ya juu hunasia dhahabu, kisha inaishia majini. Samaki mdogo hupata kidogo, mkubwa humla mdogo, na bokilo huwala wote. Haitoki mwilini upesi, inazidi kujaa tu. Kwa mtoto aliye tumboni ndiyo mbaya zaidi, huharibu akili.

Nami nina mimba. Nimerudi kwa Mama kungoja kuzaa.

Unajua desturi ya kwetu: samaki mkubwa wa kikapu ni wa mwenye mimba, na wanawake humzunguka akila mpaka ibaki mifupa. Jumapili Mama aliniwekea sahani. Nikasema, "Mama, hii samaki iko na sumu." Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Wakati wa mimba yako nilikula hii hii. Ulikufa?"

Kaka, ambaye ndiye anayesimama kwenye nguzo zako siku hizi, hata hakupandisha sauti. "Bon, donc tukule nini? Na ukienda kusema vile sokoni, nani atanunua kwetu?"

Samaki hao ndio walionisomesha. Maji yamenifika shingoni, Papa, na kila ninapogeuka namkuta mtu ninayempenda. Nikala. Shangazi akapiga vigelegele. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yakanitoka, wakadhani ni pilipili.

Jana nilikwenda kuokota manyoya. Mnandi alikuwa juu ya nguzo yako, mabawa wazi. Nikamwamkia kama ulivyokuwa ukifanya, lakini safari hii sikucheka.

Jumapili wataniwekea samaki mwingine. Mtoto akizaliwa mwanaume, jina lako linamngoja. Zebaki hukaa kwenye nywele za mtu kama inavyokaa kwenye manyoya ya ndege. Siku atakaponyolewa nywele za kwanza, Mama atataka kuzizika nyuma ya nyumba. Nitamwomba aniachie chache, nizipeleke maabara, niziweke kwenye mashine ile ile ninayowekea manyoya ya bokilo.

Pumzika, Papa. Mmoja wetu na apumzike.

Mimi binti yako, uliyeniita mama kabla sijawa mama wa mtu