Alama za Wiki Tisa

412, Barabara ya Kaskazini,
Aldersby, North Dakota.
9 Novemba 2019

Mpendwa Shangazi Verna,

Kabla ya salamu, ambazo najua ndizo hutangulia, kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote hadi wiki hii. Wakati Baba anatibiwa mkono baada ya kiharusi, niliandika uongo kwenye karatasi yake ya mazoezi kwa wiki tisa. Nimelitanguliza kwa sababu nikianza na habari za theluji sitalifikia.

Sasa, shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na huko Arizona bado mnavaa mikono mifupi? Sisi ni wazima. Theluji imeshaanguka mara mbili. Mama amepata kazi jikoni shuleni kwetu, ananiona kwenye foleni ya chakula na kujifanya hanijui, jambo ambalo namshukuru. Baba anakula vizuri. Mkono wake wa kushoto uko vilevile ulivyouona Pasaka, umekunjwa kifuani na vidole vimejifumba.

Uliniuliza nimepangaje masomo ya chuo. Mwalimu wetu mshauri, Bi Tollefson, alinichorea miaka minne yote kwenye karatasi moja. Shule za tiba ya viungo hazijali sana shahada yako ya kwanza ni ya nini, mradi uwe umemaliza masomo wanayoyataka na kufaulu vizuri. Mwaka wa kwanza ni biolojia na kemia, wa pili anatomia na fiziolojia, wa tatu fizikia. Takwimu na saikolojia nitazipachika penye nafasi. Baada ya hapo ndipo naomba shule yenyewe, miaka mitatu mingine. Nilimwuliza kama naweza kuchukua shahada ya historia. Akasema naweza, ila nisahau kulala. Nimeiandika historia kwa penseli.

Wanataka pia saa za kutazama. Unasimama kliniki, mikono nyuma, unamwangalia mtaalamu akifanya kazi, naye anakutilia sahihi kila siku. Nilianza Septemba kwa Bwana Kessler, yule yule aliyekuwa akija nyumbani kumtibu Baba. Nimefikisha saa ishirini na sita.

Bi Tollefson anataka insha yangu ya kuombea chuo imhusu Baba. "Solveig, wenzako wanahangaika kutafuta kisa, wewe chako kimekaa sebuleni!" Hakuwa na nia mbaya. Nilisema ndiyo, asante.

Ilikuwa hivi. Bwana Kessler alibandika kwenye friji karatasi ya mazoezi sita, kila moja mara kumi kwa siku, na visanduku vya kutia alama. Mama alikuwa kazini mchana kutwa, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Siku nne za kwanza tulifanya kweli. Baba alitokwa na jasho na kulitukana taulo la mazoezi. Siku ya tano akasema, "Profesa, tia alama hapo, halafu lete karata. Huyo Kessler hajaweka kamera." Nikacheka, nikatia. Kesho yake sikungoja aniambie. Kila siku nikitoka shule tulicheza karata. Nilimtengenezea kibao chenye mfereji wa kusimamishia karata zake, akawa ananifunga kwa mkono mmoja na kunicheka. Sijawahi kuwa karibu naye namna ile. Sikumbuki kujisikia vibaya. Nadhani sikujisikia chochote, na hata sasa ninapoandika ni hivyo hivyo.

Wiki ya tisa Bwana Kessler aliisoma karatasi, akaupima mkono, akaandika kwamba mgonjwa amefanya yote aliyoagizwa na mkono umefika mwisho wake wa kupona. Bima ikaacha kulipia ziara zake. Baba akamwambia Mama, "Basi, tumejaribu." Nilikuwa nimesimama pale pale.

Juzi Alhamisi alikuja kliniki mzee mwenye kiharusi kama cha Baba. Jina lake siruhusiwi kulitaja. Mkewe alitoa karatasi isiyo na alama hata moja.

"Hatukufanya hata siku moja," mke akasema. "Huyu mkaidi kuliko punda."

"Punda halishwi supu ya juzi," mzee akajibu.

Bwana Kessler alicheka, akaikata orodha yote, akaandika jambo moja tu: akande unga wa mkate pamoja na mkewe. Walipotoka akanieleza kwamba karatasi tupu humsaidia, maana humwambia abadilishe kitu. Karatasi ikijaa na mkono haubadiliki, ndipo hulazimika kuandika kwamba umefika mwisho.

Nilikuwa nimeshika fomu yangu ya saa. Nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa kumi kasoro dakika ishirini. Nikamwambia. Alikuwa anapangusa kitanda, akaendelea kupangusa hadi akakimaliza.

"Wiki ngapi?"

"Zote tisa. Isipokuwa siku nne za mwanzo."

"Baba yako anajua kwamba zile alama ndizo nilizozitegemea?"

"Hajui."

Alisema atamwandikia daktari ili Baba apimwe upya, lakini haahidi kitu, kwa kuwa miezi saba bila mazoezi ni mingi kwa mkono wa kiharusi. Alisema Baba lazima aambiwe, na wa kumwambia ni mimi. Kuhusu barua ya kunipendekeza, alisema bado hajui. Kisha akanitilia sahihi saa mbili za siku ile, kwa sababu, alisema, hizo nilikuwepo kweli.

Shangazi, sikuulizi kama nilikosa. Nakuuliza kama ungemruhusu mtu kama mimi alishike goti lako. Nijibu ukweli hata kama ni mkali.

Msalimie Mjomba Harlan, na binamu Kendra, na mtoto wake ambaye sijamwona. Bibi Ardis anakusalimu sana na anauliza kama blanketi lilifika. Mungu akupe hatua zisizo na maumivu, akulinde katika njia zako zote.

Niliiacha barua hapa, nikaenda sebuleni. Sasa nimerudi. Baba alikuwa anatazama mpira. Nilizima televisheni nikamwambia yote, pamoja na alichoandika Bwana Kessler na kwa nini alikiandika.

Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia utie alama, Profesa."

"Mara ya kwanza tu, Baba."

Aliutazama mkono wake. "Washa mpira," akasema. Nikawasha, nikakaa naye. Ilipofika mapumziko nilileta taulo na karatasi mpya. Zoezi la kwanza ni kulisukuma taulo mezani mara kumi. Alilisukuma mara tatu, akasema inatosha. Niliandika tatu.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,
Solveig